Siku Niliyosoma Majina ya Wasiojiweza

Alikuja asubuhi, kabla sijafungua dirisha la ofisi, akiongozwa na mjukuu aliyeshika ncha ya fimbo yake. Kifuani alikumbatia kopo la maziwa ya unga. Mlango ulikuwa wazi, lakini alipiga hodi mara tatu na kusubiri akaribishwe. Nilimwamkia, nikamwonyesha benchi, mjukuu akamsaidia kuketi. Ndani ya kopo mlikuwa na mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni kipande cha kanga, na ndani ya kanga karatasi nne zilizokunjwa zikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

"Mwanangu," aliniambia, "bati langu limetoboka, masika yameniingilia ndani. Maandishi yamevuja. Nataka uniandikie nyingine, wale mgambo wasije wakanisumbua."

Zilikuwa stakabadhi za kodi ya maendeleo. Mwaka ulikuwa 1991.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya kata pembezoni mwa jiji. Ofisi hiyo sitaitaja, wala walioifanyia kazi. Wengi wametangulia mbele ya haki, na walio hai wana wajukuu wanaojua kusoma. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Ubungo, mitaa ya nyuma ya barabara kuu, na kila alfajiri nilisimama kituoni kugombea daladala pamoja na wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi. Hapo kituoni ndipo nilipoijua kodi ya maendeleo kabla sijaishika kwa mikono yangu. Ukiona wanaume wanarukia madirishani wakati gari bado linatembea, ukaona wengine wanakata kona kuelekea mabondeni huku viatu wameshika mkononi, ujue mbele kuna mgambo. Mwanamume mzima, baba wa watoto watano, anajificha kwenye choo cha jirani mpaka jua lipande. Mwenye stakabadhi alipita. Asiyekuwa nayo aliketishwa chini kando ya barabara, mikono kichwani, watoto wa shule wakimpita.

Kwa vijana wasioijua, nieleze kidogo. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972. Miji ikachakaa, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa. Bunge likapitisha sheria mpya za serikali za mitaa mwaka 1982, na mfumo ukaanza kazi 1984. Halmashauri zilizofufuliwa zilihitaji fedha, ndipo ikaja kodi ya maendeleo, kila mtu mzima kwa kichwa chake. Wazee hawakujishughulisha na jina hilo. Wao waliendelea kuiita kodi ya kichwa, kama ile waliyoikuta baba zao wakitozwa na Wajerumani na baadaye Waingereza. Ilikuja pia wakati mbaya. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wametoka tu kwenye Nguvu Kazi ya mwaka 1983, walipokamatwa mitaani wasio na kitambulisho cha kazi na kupakiwa kwenye malori kupelekwa vijijini kulima. Mtu aliyepitia hayo akiona kofia ya mgambo, miguu hukimbia kabla ya kichwa kufikiri.

Kulikuwa na msamaha, na katika kodi ile nzima hicho ndicho kipande nilichokiheshimu. Mzee sana, kipofu, mgonjwa wa muda mrefu, asiye na mtu wa kumtegemea, hakutakiwa kulipa. Utaratibu wetu ulianzia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi aliandika cheti kwamba fulani bin fulani hajiwezi, cheti kikaletwa ofisini, nami nikaliingiza jina kwenye rejesta ndefu yenye jalada la kitambaa: jina, balozi wake, sababu ya msamaha, mwaka. Mkuu wa ofisi akatia sahihi. Siku zile hapakuwa na ruzuku yoyote ya serikali iliyomfikia maskini nyumbani kwake kwa jina lake. Kutotozwa ndiyo ilikuwa ruzuku yenyewe. Kwa hiyo ile rejesta ilikuwa ndiyo orodha yetu ya maskini, na mwandishi wake nilikuwa mimi, binti wa miaka ishirini na minne mwenye mwandiko mzuri.

Sasa nimeketi na karatasi nne za mzee. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamekuwa mawingu ya bluu, lakini namba za kupigwa chapa hazikuvuja. Nikazinakili. Kila kitabu cha stakabadhi kilichotoka halmashauri kiliingizwa kwenye rejesta nyingine, namba ya kwanza na ya mwisho, na mkusanyaji aliyekabidhiwa akatia sahihi. Nikatafuta namba za mzee. Mbili hazikuwa zetu. Nikarudia, nikafungua na rejesta ya mwaka wa nyuma, hazikuwepo. Mbili nyingine zilikuwa zetu kweli, lakini nilipofungua kabati na kuvuta vishina, kimoja kilikuwa na jina la mtu mwingine, na kingine kilikuwa kimechanwa.

Kisha, sijui ni kitu gani kilinisukuma, nikafungua rejesta ya msamaha. Jina lake lilikuwemo, kwa mwandiko wa karani aliyenitangulia. Sababu: uzee, upofu. Mwaka: 1987.

Miaka minne mtu yule alikuwa amesamehewa, na miaka minne alikuwa akilipa.

Nieleze wizi huu ulivyofanyika, kwa sababu wengi hudhani mwizi wa kodi ni yule asiyelipa. Mkusanyaji aliyetaka kuiba alikuwa na njia ya kijinga na njia ya akili. Ya kijinga ni kuchezea karatasi ya kaboni: jani la juu anaandika kiasi kamili, akishampa mtu stakabadhi yake anaandika kiasi kidogo kwenye kishina. Hiyo mkaguzi aliigundua upesi, kwa sababu mwandiko wa kaboni na mwandiko wa kalamu haufanani. Njia ya akili ilipita kwenye msamaha. Mtu aliyesamehewa hadaiwi na daftari lolote. Halmashauri haimngojei, mkaguzi hamuulizii, hesabu ya kata inatimia bila yeye. Ukienda kwake na kitabu chako cha kando, ukamtisha na mgambo wawili, alichonacho kinaingia mfukoni mwako moja kwa moja. Naye hatalalamika, maana umempa karatasi yenye muhuri. Ataitunza kwenye kopo.

Yule asiyeweza kulipa ndiye alikuwa salama kuibiwa kuliko wote. Mpaka leo nikilifikiria hilo nasikia kifua kinabana.

Mjukuu aliniambia, babu yake akiwa amenyamaza, kwamba mwaka uliopita waliuza mbuzi.

Hapa nafika pagumu. Sikumwambia. Nilichukua karatasi nyeupe, nikaandika kwamba mwenye barua hii asisumbuliwe kwa kodi, nikagonga muhuri, nikamkunjia. Nikamwambia, "Nenda, Mzee, hii inatosha." Akanibariki. Aliweka ile karatasi katika kopo pamoja na zile nne, akapiga mfuniko kwa kiganja. Karatasi yangu ilimkinga na mgambo, hilo kweli. Lakini ukweli alistahili kuujua siku ileile, kutoka kwangu, nami nilikuwa nimeushika mkononi nikaufungia kabatini. Niliogopa. Nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio, mshahara wetu ulichelewa miezi, na ufunguo wa kabati la vishina uliniletea macho ya watu niliokula nao chakula cha mchana. Nilikaa hivyo miezi saba.

Aliyenitoa ni balozi mmoja. Mama wa makamo, muuza maandazi, asiyeogopa mtu, aliyejua katika nyumba zake kumi nani amelala njaa na nani anajisingizia. Alikuja kuleta cheti cha mjane mmoja mgonjwa. Nilipofungua ukurasa wake niandike, akainamia rejesta akaanza kuhesabu kwa kidole chenye unga.

"Binti, hawa wote ni wangu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Mimi nimeandika vyeti vinne tangu niwe balozi. Huyu wa leo wa tano. Hapa wapo kumi na mmoja. Wengine wamezaliwa na nani?"

Sikujibu. Aliniangalia muda mrefu, akajua kwamba ninajua. Akasema Jumapili ana mkutano wa wakazi kuhusu madawati ya shule, na kwamba yeye kama balozi anamwalika karani wa kata aje awasomee watu orodha ya waliosamehewa kodi, "maana ni majirani zao, tupate kuhakikisha kama hatujamsahau yeyote." Hakupandisha sauti. Aliniachia andazi mezani, akaenda.

Jumapili ile niliitoa rejesta ofisini ndani ya kikapu, juu nimefunika mchicha. Nimeulizwa mara nyingi na wanangu kama nilikuwa na ruhusa. Sikuwa nayo.

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake mkekani, watoto juu ya mti. Nilisimama, sauti ikitetemeka, nikaanza. Jina la kwanza, kifua kikuu. Watu wakaitika kwa vichwa. La pili, mguu umekatwa. Wakaitika. La tatu, mwanamke akasema, "Huyo alishafariki, tumemzika Mwananyamala," tukahesabu, ilikuwa mwaka wa nne tangu azikwe, na kila mwaka jina lake lilikuwa likiandikwa upya. Nikaendelea. Jina la tano lilikuwa la bwana mwenye mashine ya kusaga na malori mawili yaliyobeba mchanga. Sababu: hajiwezi. Kijana mmoja akacheka, kicheko kikakatika njiani. Mke wa bwana yule alikuwa mkekani. Alivuta kanga ikamfunika uso, nami nilimwonea huruma, kwa sababu ninaamini hakujua.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Nilisoma jina na sababu, jina na sababu, na kila jina watu walilijibu wenyewe: anastahili, hatumjui, huyo amehamia Mbagala, huyo ni shemeji wa fulani wa ofisini. Mimi na ofisi yangu yote tungefanya ukaguzi mwaka mzima tusipate yale waliyoyapata chini ya mwembe kwa dakika ishirini.

Jina la tisa lilikuwa la mzee. Nilikuwa nimemwona tangu nilipofika, ameketi kwenye shina, mjukuu miguuni pake. Nikasoma jina lake. Uzee, upofu.

Aliinua fimbo. "Nimesamehewa mimi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka 1987."

Alikaa kimya, midomo ikihesabu. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia njia: "Na zile nilizolipa zilikuwa za nini?"

Watu walinigeukia mimi. Ndiye niliyeshika kitabu. Nikawaambia yote, namba, vishina, ile miezi saba niliyonyamaza. Sikumwacha nje mtu yeyote, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Yaliyofuata yalikuwa madogo kuliko watu wanavyotazamia. Kabla ya wiki kwisha rejesta ilichukuliwa kwa ukaguzi na sikuiona tena. Mkusanyaji alihamishwa. Nami nilihamishwa, nikapelekwa masjala kupanga mafaili, na huko nikakaa miaka. Balozi aliandika barua ya kuomba mzee arudishiwe fedha zake, akaandika ya pili. Yule bwana wa malori alilipa kodi yake ya mwaka ule na wa nyuma, kisha akampelekea mzee gunia la unga. Watu walitaka mzee alikatae. Alilipokea, akasema unga haukuiba kitu.

Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja Halmashauri ya Jiji, jiji likawekwa chini ya Tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Mwaka 2000 tukagawanywa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Kodi ya maendeleo yenyewe ilifutwa mwaka 2003, wakati Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha. Niliisikia taarifa kwenye redio ya jirani. Wengine walifurahia, na walikuwa na haki, maana nani angelilia mgambo? Mimi nilimkumbuka mzee, ambaye wakati huo alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Baada ya arobaini yake binti yake alikuwa ameniletea lile kopo. Alisema, "Baba aliagiza upewe wewe." Sijapata kujua kama alinipa kama zawadi au kama kumbusho. Liko juu ya kabati langu.

Nilidhani habari ya orodha ya maskini imekwisha pamoja na kodi ile. Haikuwa hivyo. Ilirudi, ila safari hii fedha zilikuwa zinakwenda upande wa pili. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ulifika awamu ya tatu, na mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Ruzuku ikawa inatolewa kila baada ya miezi miwili: kiasi cha msingi cha shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na nyongeza kwa wenye watoto, kwa masharti ya shule na kliniki. Walengwa wenye nguvu walipewa kazi za mikono, shilingi 2,300 kwa siku. Kwa mtu wa mshahara hizo ni nauli. Kwa mama mwenye wajukuu wanne ni unga, chumvi na daftari.

Nilistaafu, nikabaki Ubungo. Tangazo la mkutano wa mtaa lilipobandikwa, nilikuwa miongoni mwa waliofika mapema. Nilitaka kuona jambo moja tu: kama majina yatasomwa. Mpango wenyewe ulitaka hivyo, wananchi wataje kaya maskini, zidodoswe kwa maswali ya mapato na makazi, kisha orodha irudi mkutanoni wananchi waithibitishe. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Lakini mwaka 2016 uhakiki wa nchi nzima uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, na neno "kaya hewa" likaingia midomoni mwa watu, likakaa jirani na "wafanyakazi hewa". Nilipolisikia nilimkumbuka yule marehemu wa Mwananyamala, aliyesamehewa kodi kila mwaka akiwa ardhini. Baadaye tukasikia na vikundi hewa, katika ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Serikali ikaisimamisha mwaka 2023 ili ipangwe upya.

Siku hizi Ubungo ni manispaa inayojitegemea, iliyomegwa kutoka Kinondoni. Pale kwenye mataa tulipogombania daladala limepanda Daraja la Juu la Kijazi. Ushuru unakusanywa kwa mashine za mkononi badala ya vitabu, na hilo ni jema, ingawa kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu hueleza mashine zilizozimwa kwa siku nyingi kama zamani ilivyoeleza vitabu vilivyopotea. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme. Hakuna mgambo, hakuna anayeruka dirishani. Lakini jirani yangu mpangaji, muuza chapati, akinunua umeme mwanzo wa mwezi hukuta amelipa kodi ya nyumba isiyo yake. Sheria inasema mwenye nyumba ndiye mlipaji. Kumwambia mwenye nyumba amkatie kwenye pango hathubutu. Ananionyesha ujumbe kwenye simu, ananiuliza, "Mama, hii ni ya nini?" Swali hilo nalijua.

Katika ule mkutano wa TASAF kijana mwezeshaji alikuwa na haraka. Jua lilikuwa kali, mahudhurio makubwa. Akasema orodha imerudi, itabandikwa ubaoni, kila mtu atapita kuitazama. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, wengi wa walio humo hawawezi kusoma, na wengine hawaoni. Tusomee." Akatazama saa. Mwenyekiti wa mtaa akatikisa kichwa kukubali.

Akaanza kusoma. Watu wakajibu kama walivyojibu chini ya mwembe: anastahili, anastahili, huyo mwanawe anamjengea Kibaha, mtoe, anastahili. Nilikuwa na kalamu na daftari, nikaandika kila jina, kwa mazoea.

Mahali fulani katikati likaja jina la mwanamke ninayemfahamu, muuza vitumbua wa miaka mingi, sasa miguu imevimba. Ni binti wa mzee, yule aliyeniletea kopo. Kijana akauliza kama yupo. Alikuwa ameketi nyuma, kwenye kivuli cha ukuta. Akainua mkongojo juu, akaushikilia hapo mpaka watu wote wakageuka kumwona.

"Anastahili," wakasema.

Akaushusha. Kijana akasoma jina lililofuata.